Gari Lenye Nguvu si Mwalimu: Dhana Potofu Kuhusu Kuchagua Shule ya Udereva wa Uwanjani

Watu wengi wanaotaka kujifunza kuendesha kwenye uwanja wa mbio huniuliza kwanza ni magari gani watakayopewa, kabla hawajauliza nani atakayewafundisha au watafundishwa nini. Swali hilo limejengwa juu ya dhana kwamba shule bora ni ile yenye magari yenye nguvu kubwa zaidi. Nimeisikia dhana hiyo mara nyingi kupita kiasi, nayo huwapotezea wanafunzi fedha na muda kuliko nyingine yoyote.

Ukweli ni kwamba gari lenye nguvu farasi 500 humficha dereva makosa yake. Mwanafunzi akifunga breki mapema mno, akavuta usukani kwa ghafla, kisha akatoka konani akiwa na mwendo pungufu kwa kilomita 10 kwa saa kuliko alivyoweza kutoka nao, atakanyaga mafuta na injini itamrudishia mwendo huo kabla hajatambua kwamba aliupoteza. Katika gari jepesi lenye nguvu farasi 120, upungufu huohuo humfuata mpaka mwisho wa sehemu iliyonyooka, huku akilitazama gari lililokuwa mbele yake likizidi kumwacha, na hapo huelewa bila kuhubiriwa kwa nini tunasisitiza namna ya kutoka konani kuliko namna ya kuingia. Isitoshe, magari mengi ya kisasa yenye nguvu huja na mfumo wa kudhibiti uthabiti, ambao hupunguza nguvu za injini na kufunga breki ya gurudumu moja moja pale gari linapoanza kupotea, kiasi kwamba mwanafunzi huamini ameimudu kona ambayo kwa kweli kompyuta ndiyo iliyomkatia.

Kasi nayo ina gharama ambayo wengi hawaipigii hesabu. Nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, kwa hiyo gari lililo katika kilomita 200 kwa saa linabeba nishati mara nne ya lile lililo katika kilomita 100, na sehemu kubwa yake lazima breki ziigeuze kuwa joto kabla ya kona. Mwanafunzi anayejifunza katika hali hiyo akili yake yote humezwa na hofu ya kuchelewa kufunga breki. Hana nafasi ya kusikiliza matairi, wala ya kuinua macho yatazame anakokwenda badala ya alipo, ilhali hayo mawili ndiyo msingi wa kazi yote.

Lipo jambo jingine ambalo matangazo hayalitaji. Shule inayomiliki magari ya thamani kubwa ina kila sababu ya kuyalinda, na njia rahisi ya kuyalinda ni kuwapanga wanafunzi mstari mmoja nyuma ya gari la mkufunzi, wazunguke mara chache kwa mwendo uliochaguliwa na mtu mwingine, kisha washuke kuwapisha wenzao. Hakuna ubaya kumlipa mtu akupe siku ya raha ndani ya gari ambalo hungeweza kulinunua, lakini anayeiuza siku hiyo kwa jina la mafunzo anawadanganya wateja wake, na ninakerwa kuona jinsi mauzo hayo yanavyoshamiri.

Historia ya mchezo wenyewe inapingana na dhana hii. Formula Ford, daraja la mbio lililoanza Uingereza mwaka 1967, lilitokana na shule ya udereva katika uwanja wa Brands Hatch, ambayo ilizidiwa na gharama za vifaa vya mbio ikaamua kutumia injini za magari ya kawaida na matairi ya barabarani. Nguvu za magari hayo hazikuzidi sana farasi 100. Ayrton Senna, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa Formula One, alipotoka Brazil mwaka 1981, humo ndimo alimoanzia mbio zake za magari nchini Uingereza, na hakuna aliyewahi kusema kwamba unyonge wa injini ile ulimchelewesha.

Mambo ya kujifunza hayahitaji kasi kubwa. Unapofunga breki, uzito wa gari huhamia mbele, matairi ya mbele yakaongeza mshiko na ya nyuma yakapungukiwa. Tairi lina mshiko wenye kikomo ambao breki na kona hugawana, kwa hiyo dereva huachia breki kidogo kidogo kadiri anavyozidi kukata usukani. Haya yote yanaweza kuhisiwa katika kilomita 50 kwa saa kwenye sakafu iliyomwagiwa maji, ambako mkia ukiteleza mwanafunzi hupata muda wa kuurudisha, na akishindwa huzunguka tu pasipo kugonga kitu. Kwangu mimi, shule isiyo na eneo la kufundishia utelezi haifai kwa anayeanza, hata kama gereji yake imejaa magari ya ndoto. Baada ya hilo, uliza utakaa dakika ngapi nyuma ya usukani wewe mwenyewe, mkufunzi mmoja ana wanafunzi wangapi, naye huketi ndani ya gari au hukupungia mkono akiwa ukingoni. Uliza pia kama mwisho wa kila awamu mtaketi pamoja kutazama kumbukumbu za mwendo, breki na usukani. Shule inayokwepa maswali haya imekwisha kukujibu.

Wengine huamini kwamba bingwa wa mbio lazima awe mkufunzi bora. Bingwa anaweza kufanya jambo kwa silika bila kuweza kulieleza, na ufundishaji ni ujuzi wa peke yake unaohitaji kuona kosa la mwanafunzi, kutafuta chanzo chake na kulisema kwa maneno machache gari likiwa mwendoni. Muulize mkufunzi amefundisha watu wa aina gani, kisha ndipo umuulize vikombe vyake.

Miaka 20 ya kuendesha barabarani haimpi mtu ruhusa ya kuruka kozi ya msingi. Mara nyingi huja na mazoea mabaya, hasa ya kufunga breki kwa woga na kukodolea macho gari lililo mbele.

Wapo pia wanaopima shule kwa sekunde walizopunguza siku hiyohiyo. Muda wa mzunguko hushuka wenyewe mtu anapouzoea uwanja na matairi yanapopata joto, kwa hiyo kipimo cha maana zaidi ni kama mizunguko yako inafanana, na kama unaweza kueleza kwa nini mmoja ulikuwa wa polepole.

Cheti cha shule si leseni ya mashindano. Leseni hutolewa na chama cha taifa kinachotambuliwa na FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na kozi husaidia tu pale chama hicho kinapoitambua. Bima yako ya barabarani nayo, kwa kawaida, haigusi uharibifu uliotokea uwanjani, kwa hiyo isome kabla ya kupeleka gari lako mwenyewe, na uiulize shule kwa maandishi nani atalipa ukigonga ukuta na gari lao.

Kuhusu helmeti, ya pikipiki haitoshi. Katika viwango vya Snell, taasisi ya Marekani inayopima ubora wa helmeti, herufi M ni za pikipiki na SA ni za mbio za magari. Za SA hupimwa kwa moto, na hupimwa pia dhidi ya umbo linalowakilisha nondo za kabati la usalama, yaani fremu ya chuma inayomzunguka dereva ndani ya gari la mbio, vipimo ambavyo za M hazipitii. Shule inayokuruhusu kuingia uwanjani na helmeti yoyote uliyokuja nayo, bila hata kuangalia kibandiko cha ndani, inakupa sababu ya kutosha ya kurudisha funguo zao na kudai fedha zako.