Nususpishi ni nini? Kisa cha bundi wa Pemba

Nususpishi ni kundi la wanyama wa spishi moja wanaoishi katika eneo lao, wakitofautiana kidogo na ndugu zao wa maeneo mengine kwa rangi, umbo au sauti, lakini ambao bado wangezaana nao wakikutana. Maelezo haya yanatosha kwenye mtihani. Ukimshika bundi wa Pemba na kuuliza yeye ni nani, yanaanza kukwama, hasa kwenye hayo maneno “wakikutana”. Bundi wa kisiwani na bundi wa bara hawakutani. Nani basi ajuaye kama wangezaana?

Tuanze na jina lenyewe. Majina ya kisayansi ya wanyama huhesabiwa kuanzia mwaka 1758, na majina yote yaliyotangulia hayatambuliki kisheria. Jina la spishi lina maneno mawili. Yule bundi mdogo wa kijivu anayesikika usiku katika pori la miti sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, mwenye mlio mmoja mfupi unaorudiwa kila baada ya sekunde chache, ni Otus senegalensis: Otus ni jenasi, yaani ukoo wa karibu, na senegalensis ndiyo inayomtenga na wengine wa ukoo huo. Nususpishi huongezewa neno la tatu. Bundi wa aina hiyo wanaopatikana kusini-mashariki mwa Kenya, kwenye eneo la chini la mto Tana, walipewa na wataalamu wa ndege Keith na Twomey mwaka 1968 jina la Otus senegalensis nivosus. Mara tu nususpishi ya pili inapotajwa, wale wa kwanza nao hupata neno la tatu kwa kurudia la pili: Otus senegalensis senegalensis. Wengi hudhani kurudia huko kunamaanisha hao ndio bundi halisi na wengine ni matawi tu. Sivyo. Kunamaanisha kwamba hao ndio waliowahi kuandikwa kabla ya wengine, basi. Kama Mzungu wa kwanza kuweka ngozi ya bundi huyu kwenye sanduku angekuwa Lamu badala ya Senegal, jina la spishi nzima lingekuwa lingine.

Desturi ya majina matatu ilishika kasi karne ya 19. Hermann Schlegel aliyatumia kwa ndege mwaka 1844, na wataalamu wa ndege wa Marekani wakayaingiza kwenye kanuni zao mwaka 1886. Baada ya hapo mlango ulifunguka, na ukafunguka mno. Kila ngozi iliyofika makumbusho ya Ulaya ikiwa na weusi kidogo zaidi mgongoni ilitafutiwa jina. Mwaka 1949 Dean Amadon alipendekeza kipimo cha kupunguza fujo hiyo: angalau asilimia 75 ya ndege wa kundi moja waweze kutofautishwa na wale wa kundi jirani, la sivyo kundi hilo halistahili jina. Kipimo hicho kinatajwa hadi leo, ingawa majina mengi yaliyomo kwenye orodha hayajawahi kupimwa nacho.

Jambo moja halina mjadala: nususpishi lazima iwe na eneo lake. Rangi peke yake haitoshi. Bundi wa Sokoke, Otus ireneae, aliyetajwa na Ripley mwaka 1966 kutoka msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi, ana sura tatu: wa kijivu, wa kahawia na wa rangi ya kutu. Wote wanaishi msitu mmoja na ni spishi moja isiyogawanyika kwa ajili ya rangi hizo. Ndiyo tofauti ya rangi inavyoweza kumdanganya mtu mwenye ngozi tatu mezani na asiyewahi kusimama msituni.

Sasa Pemba. Mwaka 1937 R. H. W. Pakenham, afisa wa serikali ya Kiingereza Zanzibar aliyekuwa akifuatilia ndege wa visiwa hivi, alimwandika bundi mdogo wa Pemba kwa jina Otus pembaensis. Alimwandika kama spishi kamili. Ndege huyu hayupo Unguja wala bara. Yuko Pemba tu, kwenye misitu iliyobaki kama Ngezi na hata kwenye mashamba ya mikarafuu yenye miti mikubwa. Umbo lake ni la bundi wadogo wa ukoo wake, mwenye vishungi vifupi kichwani, lakini mwili wake una rangi tulivu ya kahawia au ya kutu, bila ile michirizi mingi inayomfanya bundi wa bara afanane na gome la mti.

Utulivu huo wa rangi ndio uliomponza. Madagaska kuna bundi mdogo, Otus rutilus, aliyetajwa na Pucheran mwaka 1849, naye ana sura ya rangi ya kutu. Wataalamu waliokuja baada ya Pakenham waliwalinganisha, wakaona wanafanana, na bundi wa Pemba akashushwa cheo. Katika vitabu vingi akawa Otus rutilus pembaensis: nususpishi ya bundi wa Madagaska. Ukisoma jina hilo kwa makini utaona kwamba limebeba hadithi nzima ndani yake. Linadai kwamba ndege wa Pemba ametoka kusini, kisiwa hadi kisiwa, na kwamba jamaa zake wako ng’ambo ya Komoro, si Tanga wala Mombasa ambako ni karibu zaidi. Jina la nususpishi ni dai la udugu. Linaweza kuwa la kweli au la uongo, na kwa miaka mingi hapakuwa na njia ya kulikagua zaidi ya kutazama manyoya na kusikiliza sauti.

Njia hiyo ilipatikana. Mwaka 2008 timu iliyoongozwa na Jérôme Fuchs ilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya bundi wadogo wa Bahari ya Hindi, wakisoma sehemu 6 za vinasaba, zaidi ya herufi 4,000 kwa jumla. Bundi wa Pemba hakuwa jamaa wa karibu wa yule wa Madagaska hata kidogo. Jamaa yake ni Otus senegalensis, bundi wa bara, na makadirio yao ni kwamba walitengana kiasi cha miaka milioni 1.7 iliyopita. Kufanana kwake na bundi wa Madagaska ni sadfa ya manyoya. Leo anahesabiwa tena spishi kamili, Otus pembaensis.

Jiografia inakubaliana na matokeo hayo. Mkondo wa Pemba ni wa kina kirefu. Wakati wa enzi ya mwisho ya barafu, bahari iliposhuka mita 120 hivi, Unguja iliungana na bara na wanyama wakavuka kwa miguu. Pemba haikuungana. Ndege wa Pemba ilibidi wafike kwa mbawa, au kwa kusukumwa na upepo, na waliobaki walibaki peke yao muda mrefu wa kutosha kuwa kitu kingine. Ndiyo maana kisiwa hicho kina ndege wake wengine wasiopatikana popote, akiwemo ninga wa Pemba, Treron pembaensis, ambaye pia alitajwa na Pakenham.

Matokeo yaliyonivutia zaidi katika uchunguzi ule, hata hivyo, ni ya Komoro. Mwaka 1960 C. W. Benson alitaja bundi wa Ngazija na wa Maore kama nususpishi mbili za bundi wa Madagaska: Otus rutilus pauliani na Otus rutilus mayottensis. Bundi wa Nzuwani alikuwa ameshatajwa na Gurney mwaka 1889, kisha hakuonekana tena kwa wataalamu hadi 1992. Wa Mwali alikuja kutajwa mwaka 1998. Vinasaba vilionyesha kwamba hawa kweli ni wa ukoo mmoja na wa Madagaska, lakini kila kisiwa kimejitenga sana, na herufi zote zile 4,000 hazikuweza kusema nani alimtangulia nani. Yaonekana walisambaa visiwani kwa kipindi kifupi, kila mmoja akashika njia yake. Leo wanahesabiwa spishi: Otus pauliani kwenye miteremko ya mlima Karthala wa Ngazija, Otus mayottensis huko Maore, na kadhalika. Bundi wa Shelisheli, ambaye mtu angemdhania jirani yao, alionekana kuwa karibu zaidi na bundi wa Asia, Otus sunia.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa mambo haya kinywani mwake. Kipemba, Kimvita na Kiamu ni lahaja, na hakuna anayebishana. Ila zile lugha za Komoro ziliwahi kuwekwa na baadhi ya wataalamu chini ya Kiswahili, na leo zinahesabiwa lugha zinazojitegemea zenye asili moja nacho. Wangazija hawakubadili usemi wao siku orodha ilipobadilika, na bundi wa Karthala vivyo hivyo.

Hapa ndipo kanuni za majina zinapofanya kazi yao nzuri. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa, jina lililotolewa kwa nususpishi hubaki na mwandishi na mwaka wake hata kundi hilo likipandishwa kuwa spishi, na kinyume chake. Kwa hiyo pauliani ni ya Benson, 1960, iwe neno la tatu au la pili. Na pembaensis ni ya Pakenham, 1937, katika safari yake yote ya kushuka na kupanda. Cheo ni maoni ya wataalamu wa wakati fulani. Tarehe ya jina haiguswi.

Mabano nayo yana maana. Ukiona Otus senegalensis (Swainson, 1837), mabano yanakuambia kwamba Swainson, aliyetoa jina hilo, hakumweka ndege huyu kwenye jenasi ya Otus, alihamishwa baadaye. Jina la bundi wa Pemba halina mabano, kwa sababu Pakenham alimweka kwenye Otus tangu siku ya kwanza. Huyo senegalensis mwenyewe alipitia misukosuko: kwa muda mrefu alihesabiwa nususpishi ya bundi mdogo wa Ulaya, Otus scops, aliyetajwa na Linnaeus mwaka 1758, kabla ya sauti yake kumtoa huko. Maana yake, neno nivosus linaweza kukutwa katika vitabu vya zamani likifuata jina tofauti kabisa, na mtu asiyejua atadhani ni ndege wawili.

Jina pia hufungwa kwenye ndege mmoja aliyehifadhiwa, ambaye ndiye shahidi wake wa kudumu. Kisa cha Oman kinaonyesha shahidi huyo anavyoweza kupindua kila kitu. Mwaka 2013 wataalamu wa sauti za ndege walisikia katika milima ya Al Hajar bundi wasiyemtambua, wakamtangaza kama spishi mpya, Strix omanensis, kwa kurekodi na picha tu. Miaka miwili baadaye wengine walirudi kuikagua ngozi iliyotumiwa na Hume mwaka 1878 kutoa jina butleri (leo Strix butleri), ngozi iliyotoka Ormara, pwani ya Makran, ambayo sasa ni Pakistan. Ngozi hiyo haikuwa ya yule bundi wa jangwani ambaye watu walikuwa wakimwita butleri kwa zaidi ya miaka mia! Kwa hiyo bundi wa jangwani, anayejulikana sana kutoka Misri hadi Uarabuni, alikuwa hana jina lake, na akapewa jipya: Strix hadorami. Vinasaba vilipolinganishwa, ikathibitika mwaka 2016 kwamba bundi wa Al Hajar ndiye butleri wa kweli. Omanensis ikazikwa, kwa kuwa jina la 1878 lina haki ya kutangulia.

Kwa wanaohifadhi misitu, cheo si suala la vitabu tu. Orodha za viumbe walio hatarini hupanga kwa spishi. Bundi wa Karthala akiwa nususpishi, hesabu yake humezwa na bundi wote wa Madagaska, na anaonekana salama. Akiwa spishi, inabainika kwamba ulimwengu wake wote ni mlima mmoja wenye volkano hai. Kuna wanaosema baadhi ya wataalamu hupandisha vyeo kwa kuvutiwa na hoja hiyo. Nadhani lawama hiyo ina ukweli mahali pengine, lakini kwa bundi wa Pemba haina msingi. Miaka milioni 1.7 si upendeleo wa mtu.

Kuna bundi mwingine wa Tanzania ambaye hajapata utulivu huo. Mwaka 1908 Anton Reichenow wa makumbusho ya Berlin alimtaja bundi mkubwa wa Usambara, Bubo vosseleri, kwa heshima ya Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani. Baadaye akawekwa chini ya bundi wa misitu ya magharibi mwa Afrika, akawa Bubo poensis vosseleri, ingawa ni mkubwa zaidi na ana mabaka meusi kifuani badala ya mistari mingi ya yule wa magharibi. Orodha nyingine zikamrudishia cheo cha spishi, nyingine zikakataa. Halafu siku hizi jenasi nayo imeguswa, na kwa wanaofuata mpangilio mpya wanaomwona bado nususpishi, anaandikwa Ketupa poensis vosseleri (Reichenow, 1908), mabano yakiwa yameongezeka.