Je, Wajua Kwa Nini Kufuta Jina Hakutoshi Kumsitiri Mtu?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa kikoba kimoja, kikundi cha kuweka na kukopeshana fedha, hapa Moshi, na muda wote huo niliamini kwamba ukishaondoa jina la mtu kwenye tangazo, umemsitiri. Siku moja niliandika katika kundi letu la WhatsApp kwamba mwanachama mmoja alikuwa nyuma kwa marejesho mawili. Jina sikulitaja. Ili wenzake wasimhukumu vibaya, niliongeza kwamba ni mama mwenye watoto mapacha, anauza ndizi katika soko la Mbuyuni, na mwezi ule alikuwa akiuguza. Kabla ya magharibi alinipigia simu. Hakugomba, aliniuliza swali moja tu: "Katibu, humu kwetu mwenye mapacha anayeuza ndizi Mbuyuni, yuko mwingine?"

Hakuwapo mwingine, na mimi nilikuwa nimemtangaza mbele ya kundi zima huku nikidhani namfichia aibu.

Kosa langu lilianzia katika maana ya neno faragha. Nilichukulia kwamba faragha ni siri, yaani jambo ambalo mtu analificha kwa sababu lina aibu au lina hatia, na kwa hiyo nilikuwa miongoni mwa wale wanaosema kwamba asiye na la kuficha hana la kuogopa. Lakini tazama yale niliyoyaandika. Mapacha wake wanaonekana kila asubuhi wakienda shule. Ndizi anaziuza hadharani, na anatamani watu wengi zaidi wajue kwamba anaziuza. Kuuguza ni jambo ambalo majirani walikuwa wakimpa pole kwalo. Hata deni lilikuwa limeandikwa katika daftari la kikoba, ambalo mweka hazina, mwenyekiti na mimi tulilisoma kila wiki. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa siri. Kilichokuwapo ni umbali: wanaomjua sokoni hawakujua habari za kikoba, na baadhi ya wanakikoba hawakujua habari za nyumbani kwake. Mimi niliondoa umbali ule kwa sentensi moja. Asili ya neno inasema hivyohivyo, kwa kuwa faragha limetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya uwazi au nafasi tupu. Linataja nafasi iliyoachwa kati ya mtu na wengine, wala halidai kwamba ndani ya nafasi hiyo pamefichwa kitu.

Sasa, inakuwaje vipande visivyo na madhara, kila kimoja peke yake, vikikutana vinamtoa mtu mmoja kati ya maelfu? Fikiria jinsi tunavyoelekezana nyumbani katika mji ambao watu wengi hawatumii namba za nyumba. Unamwambia dereva wa bodaboda ashuke njia ya Rau, na hapo nyumba zinazowezekana ni mamia. Unamwambia apite msikiti, akate kushoto, na zinabaki kama thelathini. Unasema geti ni la bluu, zinabaki tatu. Unasema nje kuna mti wa parachichi uliokatwa kichwa, na dereva anafika bila kulijua jina la mwenye nyumba. Geti la bluu halimtambulishi mtu, maana mageti ya bluu yako kila mtaa, na parachichi kadhalika. Kila kielekezo kazi yake ni kupunguza waliobaki, na vinapopangwa kwa kufuatana, kupunguza huko kunakuwa ni kugawanya.

Hesabu yake inashangaza zaidi ya mfano. Sensa ya 2022 ilikuta Manispaa ya Moshi ina watu zaidi ya 200,000. Taja jinsi peke yake, yaani mwanamume au mwanamke, wanabaki kama 100,000. Taja siku na mwezi wa kuzaliwa bila mwaka, gawanya kwa 365, wanabaki takriban 274. Ongeza mwaka wa kuzaliwa, tukichukua kwamba umri unatawanyika katika miaka 70, wanabaki karibu wanne. Ongeza kata, nazo manispaa ina zaidi ya 20, na kwa wastani hata mtu mmoja hatimii. Hatujagusa jina, simu, wala picha. Hesabu hii inahitaji tahadhari, kwa kuwa watu hawajagawanyika sawasawa: vijana ni wengi, kwa hiyo mwenye miaka 20 ana wenzake wengi wa kujificha miongoni mwao kuliko mwenye miaka 80, na wapo wazee ambao tarehe zao zilikadiriwa tu walipoandikishwa. Hata hivyo mwelekeo wake ni ule ule, na kinachonistaajabisha ni kwamba tarehe ya kuzaliwa, kitu tunachokisherehekea kwa keki, ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi.

Aliyelionyesha jambo hili kwa vitendo ni Latanya Sweeney wa Marekani, katikati ya miaka ya 1990, alipokuwa bado mwanafunzi. Jimbo la Massachusetts lilikuwa limetoa kumbukumbu za matibabu za watumishi wake kwa ajili ya utafiti, majina yakiwa yamefutwa, na Gavana William Weld aliwahakikishia wananchi kwamba wako salama. Sweeney alinunua daftari la wapigakura wa mji wa Cambridge kwa dola 20 na kulilinganisha na kumbukumbu zile. Waliozaliwa siku moja na gavana walikuwa sita, wanaume kati yao watatu, na mwenye postikodi yake, yaani namba ya posta ya eneo analoishi, alikuwa yeye peke yake. Mwaka 2000 Sweeney alikadiria kwamba asilimia 87 ya Wamarekani wanaweza kutofautishwa kwa tarehe ya kuzaliwa, jinsi na postikodi. Mtafiti Philippe Golle aliporudia hesabu hiyo mwaka 2006 alipata karibu asilimia 63, na wakosoaji wengine wamekumbusha kwamba ugonjwa wa gavana ulikuwa umeshatangazwa magazetini, jambo lililorahisisha kumpata. Asilimia 63 bado ni zaidi ya nusu ya taifa.

Simu zina habari yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu wateja milioni 1.5 wa simu katika nchi moja ya Ulaya ulikuta kwamba kujua mahali mtu alipokuwa katika nyakati nne tu kunatosha kumtofautisha katika asilimia 95 ya visa. Kumtofautisha si sawa na kumtaja, kwani lazima awepo mtu anayejua kutoka kwingine kwamba saa ile ulikuwa pale. Lakini jirani anajua unapolala, mfanyakazi mwenzako anajua unaposhinda, na nyakati mbili kati ya nne zimeshapatikana.

Tangu nilipoelewa haya, daftari la wageni pale getini naliona kwa jicho jingine. Kalamu imefungwa uzi, safu zimechorwa kwa rula: jina, unakotoka, namba ya simu, unamwona nani, saa ya kuingia, na siku hizi mara nyingi namba ya kitambulisho. Anayeandika mstari wa kumi anaisoma ile tisa iliyo juu yake. Na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, si namba ya bahati nasibu: tarakimu zake 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa.

Sheria inalitambua hili. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda maisha binafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazungumzia taarifa za mtu anayeweza kutambulika, kwa hiyo haiishii kwenye jina.

Dawa haiwezi kuwa kufunga kila kitu, maana kikoba kisichojua nani anadaiwa kitakufa. Sweeney mwenyewe alipendekeza kulegeza vielekezo mpaka kila mtu afanane na wengine kadhaa: mwaka badala ya tarehe, wilaya badala ya mtaa. Kwetu tangazo sasa ni sentensi moja: "Wanachama watatu wana marejesho ya nyuma, katibu atazungumza na kila mmoja." Anapokuwa anadaiwa mmoja tu, tangazo halitoki kabisa. Napanda bodaboda hadi Mbuyuni, nasubiri wateja wapungue, kisha namwita kando.