Singletreki ni nini, na kwa nini lazima ibaki nyembamba

Singletreki ni kijia cha udongo kinachotosha baiskeli moja tu kwa wakati. Upana wake kwa kawaida ni sentimita 30 hadi 90, miti ikiwa imekaribia pande zote mbili. Njia ya gari yenye mikondo miwili ya matairi na majani katikati haihesabiwi, hata ikiwa ndani kabisa ya msitu. Aliyekulia shamba anaijua sura ya kijia hiki: mnakwenda mmoja nyuma ya mwenzake, na mkikutana na mtu, mmoja wenu anaingia majanini.

Kinachoitofautisha na kijia cha mguu ni namna ilivyopatikana. Kijia cha mguu kimechongwa na nyayo, na nyayo hupenda mkato: kutoka mtoni juu hadi kileleni, moja kwa moja. Mvua ya kwanza kubwa inakigeuza mfereji. Singletreki nzuri huwa imepimwa kabla jembe halijagusa ardhi, na swali la kwanza la mpimaji ni maji yatatokea wapi.

Mahali pazuri pa kuliona hilo ni Brown County State Park, kusini mwa jimbo la Indiana, Marekani. Hifadhi za namna hii ni mali ya serikali ya jimbo, tofauti na hifadhi za taifa zilizo chini ya Washington. Hii ilianzishwa mwaka 1929. Barafu ya kale iliyosawazisha kaskazini mwa Indiana haikufika huku, kwa hiyo kumebaki migongo ya vilima, mabonde membamba na msitu wa mialoni na mihikori. Vijia vyake vya baiskeli vinatunzwa kwa mikono mingi ya watu wa kujitolea wa Hoosier Mountain Bike Association, na vimekatwa ubavuni mwa vilima, si kwenye sakafu ya bonde. Uamuzi huo ndio unaovifanya viwahi kukauka.

Chuchumaa pembeni ya kijia kama hicho ukitazame kwa usawa wa ardhi. Ukingo wa ndani, upande wa mlima, uko juu kidogo kuliko ukingo wa nje. Mwinamo unaolengwa ni kama asilimia 5: kijia cha upana wa sentimita 60 kinainamia nje kwa sentimita 3. Ni kidogo, mpandaji hausikii, lakini maji yanausikia. Yanavuka kijia kama shuka jembamba na kuendelea kuteremka msituni badala ya kukifuata.

Kuna vipimo vingine viwili. Cha kwanza ni kanuni ya nusu: kijia kisipande kwa ukali unaozidi nusu ya ukali wa ubavu kinaopita. Ubavu ukiwa na asilimia 20, kijia kiishie 10, yaani mita 1 juu kwa kila mita 10 za mwendo. Ukiivunja, maji yanaona kijia ndiyo njia rahisi kuliko kushuka kilima, nayo yanaingia humo. Cha pili ni kubadili mwelekeo: kila baada ya mita 6 hadi 15, kijia kinachopanda hushuka hatua chache kisha kinapanda tena. Kwenye kila kibonde hicho maji yaliyoshindwa kutoka mapema yanatolewa nje. Wengi hudhani vibonde hivyo vimewekwa kwa ajili ya raha ya mwendo. Raha ipo kweli, lakini vimewekwa kwa ajili ya maji.

Kinachoharibika zaidi ni ule ukingo wa nje. Matairi hushindilia katikati na kusukuma udongo pembeni, miaka inapita, na ukingo unageuka tuta dogo. Maji yakikwama nyuma ya tuta, dimbwi linazaliwa. Mpandaji wa kwanza analikwepa kwa kulizunguka, wa pili anafuata alama yake, na mwisho wa msimu kijia cha sentimita 60 kimekuwa uwanja wa tope wa mita 3 wenye mizizi iliyo wazi. Wanaokarabati huja na sululu na reki kulikata tuta na kurudisha mwinamo. Wewe mpandaji, ukikuta dimbwi, pita katikati yake taratibu au shuka ulivuke humohumo ukisukuma baiskeli. Baiskeli iliyochafuka huoshwa. Kijia kilichopanuka hakirudi kirahisi.

Ugumu wa kijia huonyeshwa kwa alama zinazofuata miongozo ya IMBA, chama cha kimataifa cha wapanda baiskeli za mlimani kilichoanza mwaka 1988 huko California. Duara la kijani ni rahisi: upana wa sentimita 90 au zaidi, vizuizi visivyokwepeka havipiti kimo cha sentimita 5. Mraba wa buluu hushuka hadi sentimita 60, na vizuizi hadi 20. Almasi nyeusi ni sentimita 30, na vizuizi hadi 38. Almasi mbili maana yake usiingie bila uzoefu. Kijia kiitwacho Schooner Trace, pale Brown County, kina magogo na mawe ya kutosha kumshusha hata mzoefu.

Baiskeli yenyewe iandaliwe kwa njia nyembamba, kuanzia upepo. Mtu wa kilo 75 mwenye matairi ya inchi 29 kwa 2.3 yasiyo na tyubu aanze na PSI (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 22 mbele na 25 nyuma, kisha arekebishe. Ukijaza 35, tairi linadunda juu ya mizizi badala ya kuikumbatia. Ukishusha mno, ringi inagonga mawe na kupinda. Mwenye tyubu aongeze PSI 4 au 5, la sivyo jiwe litaibana tyubu kwenye ringi na kuacha matundu mawili yaliyoelekeana. Fundi akiyaona hahitaji kuuliza kilichotokea. Pima pia usukani. Wa kisasa una milimita 760 hadi 800, na kuna mapengo kati ya miti yanayozidi hapo kidogo tu. Pitisha upande mmoja kwanza, kisha mwingine, macho yakiwa mahali unapokwenda. Ukiukodolea mti, utaugonga.

Mzizi uliolowa una sheria zake. Ukivuke kwa pembe mraba, pedeli zikiwa sawa, matako yameinuka kitini, bila breki na bila kukanyaga kwa nguvu. Punguza mwendo kabla ya kuufikia. Tairi linaloteleza kwenye mzizi mara nyingi ni tairi lililokuwa limefungwa breki au lililokatiza mshazari. Kwenye kona kali za mlimani, badili giya mita chache kabla. Ukibadili huku unakanyaga kwa uzito wote, mnyororo unaweza kukatika. Na majani yaliyopukutika yakijaa njiani, ukisikia kijiti kinakwaruza nyuma, acha kukanyaga papo hapo. Kijiti kimoja kwenye spoki kinaweza kuung'oa mkono wa giya, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo, pamoja na kishikio chake. Kishikio hicho hutofautiana kwa kila fremu, kwa hiyo beba cha kwako, pamoja na tyubu, pampu, spana za alen na kiungo cha mnyororo.

Mkikutana, mwenye baiskeli humpisha mtembea kwa miguu na farasi, na anayeshuka humpisha anayepanda, maana aliyesimama katikati ya mlima hupata shida kuanza tena. Simama, weka mguu mmoja nje ya kijia, acha baiskeli ndani.

Baada ya mvua, endesha mita chache kisha tazama nyuma. Tairi likiacha mtaro, geuza urudi. Majira ya baridi Indiana yana mtego wa namna yake: saa 2 asubuhi ardhi imeganda na ni ngumu kama zege, kufika saa 5 jua limeyeyusha sentimita 2 za juu huku chini bado kumeganda, maji hayana pa kuzama, na kila gurudumu linabeba udongo wa kijia. Panga uwe umeshatoka msituni kabla ya hapo.