Hedhi haiangushi maboga

Mashambani Malindi bado wapo wanaoamini kwamba mwanamke aliye katika hedhi akipita kwenye miboga, maboga machanga hudondoka. Huko ni kumwonea, maana aghalabu ndiye anayeipalilia.

Miboga hutangulia kutoa maua dume, nayo huanguka yote, ndivyo yalivyo. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo, kama gololi, kilichokaa chini yake. Hufunguka alfajiri, jua likikolea linafunga. Nyuki wasipoliletea asubuhi hiyo chavua, yaani unga wa ua dume, kiboga hugeuka manjano, huoza ncha, huanguka. Basi mapema chuma ua dume, ondoa petali, paka unga wake katikati ya ua jike. Ukikuta kiboga kina kitobo na funza ndani, huyo ni nzi wa matunda: kifukie mbali, kwa kina.