Mteja Akifungua Tovuti Yako, Anaona Nini Kwanza?

Fundi mmoja wa fenicha kutoka Keko, Dar es Salaam, alifika kwenye dawati letu la ushauri kwa wajasiriamali akiwa na lalamiko moja: amelipia tovuti, mwaka unakaribia kwisha, na hakuna hata mteja mmoja aliyemwambia "nimekuona mtandaoni". Kwa macho tovuti yenyewe ilikuwa nzuri. Nikamwomba simu yake, nikatoka nayo hadi kwa mama anayetuuzia chai nje ya geti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ya maziwa?"

"Ngoja kwanza. Hebu nitazamie hii."

Nikahesabu moyoni mpaka tano, nikaigeuza simu. "Hawa wanauza nini?"

"Si viwanja hivyo?"

Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu, akasikia mwenyewe.

Mama hakukosea. Kioo kizima kilijaa picha ya maghorofa ya mji ambao si Dar, na mbele yake mikono miwili ya watu waliovaa suti ikisalimiana. Juu yake yalipita maandishi meupe: "Karibu kwenye tovuti yetu. Ubora ndiyo jadi yetu." Kitanda cha kwanza kilionekana baada ya kushuka chini sana, ukishapita dira, dhima, maadili ya msingi na salamu za Mkurugenzi Mtendaji. Mkurugenzi huyo ni yeye mwenyewe, na ana mafundi watatu.

Hapo lawama nyingine ni yetu sisi wa taasisi. Tumewazoesha watu kuamini kwamba tovuti isiyo na dira na dhima haijakamilika, kwa kuwa za kwetu ndivyo zilivyo. Wizara ina sababu zake. Mtu aliyehamia chumba kipya Mbagala na analala chini hana haja na dhima ya mtu; anataka kitanda.

Mteja akisimama mbele ya karakana yako Keko, mengi anayapata bila kuuliza. Anaona makochi yamepangwa nje, anajua yuko wapi, anakuona wewe na vumbi la mbao kichwani, kilichobaki ni bei. Mtandaoni hayo yote yanapotea, na inabidi uyarudishe moja moja kwenye kipande cha kioo kisichozidi kiganja. Kazi ya ukurasa wa mbele ni hiyo tu: kumjibu mgeni unauza nini, uko wapi, bei inaanzia ngapi na akupateje, kabla hajagusa kitu.

Kwa yule fundi, kwenye karatasi kwanza, tulifuta yote ya juu tukaandika hivi (bei ni ya mfano):

"Vitanda, makochi na makabati ya mninga na mkongo. Tunatengeneza wenyewe Keko, tunaleta hadi mlangoni Dar es Salaam nzima. Kitanda cha 5 kwa 6 kuanzia sh. 650,000."

Chini yake ikakaa picha moja ya kitanda alichokitengeneza yeye, na vitufe viwili: Piga simu, Tuma WhatsApp. Alipoona maneno yalivyo machache akauliza kama hayo hayaonekani ya kimaskini. Nikamwuliza kibao chake cha barabarani kina maneno mangapi.

Vitufe hivyo vina ufundi wake. Tovuti nyingi za biashara ndogo zina namba ya simu iliyochorwa ndani ya picha ya tangazo, kwa hiyo mteja hawezi kuigusa wala kuinakili. Inambidi atafute kalamu. Namba iandikwe kama maandishi, iunganishwe na kiungo cha kupiga, ili akigusa simu ianze kuita. Cha WhatsApp huanza na wa.me/ kikifuatiwa na namba yenye 255 mbele, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiibakiza sifuri hiyo, kiungo hakifiki popote. Unaweza pia kuweka ujumbe ulioandikwa tayari, "Habari, nimeona kitanda cha 5 kwa 6 kwenye tovuti yenu", na mteja akabaki na kazi ya kutuma. Ukubwa wa kitufe nao una kipimo: mwongozo wa Google wa usanifu wa simu unataka kisipungue takriban milimita 9 kila upande, maana kidole gumba si ncha ya kalamu. Na kabla hujaipokea kazi kwa aliyekutengenezea, toka nayo nje saa saba mchana ukaisome juani. Maandishi meupe juu ya mbao za rangi hafifu hupendeza ofisini kwenye kompyuta tu.

Watengenezaji wengi watakushauri uweke picha tano zinazopishana zenyewe hapo juu. Mimi nakataa. Mwaka 2013 Erik Runyon, aliyekuwa akishughulikia tovuti ya Chuo Kikuu cha Notre Dame nchini Marekani, alitoa hesabu za picha za namna hiyo kwenye ukurasa wa mbele wa chuo. Asilimia 1 hivi ya wageni ndio waliozibofya, na katika kila mibofyo 100, 84 iliangukia picha ya kwanza. Zile nyingine zilikuwa zinajizungusha peke yake. Chagua bidhaa yako inayotoka zaidi, iweke hiyo, itulie.

Picha zina tatizo jingine ambalo mwenye biashara halioni, kwa sababu yeye hufungua tovuti yake kwenye intaneti ya ofisini na tena kivinjari chake kimeshaihifadhi. Picha moja iliyotoka kwenye kamera ya simu ya siku hizi inaweza kufika MB 4. Fundi wetu alikuwa nazo sita, zote zilivyo, yaani MB 24. Mteja aliye kwenye mtandao wa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde (megabiti 8 ndizo MB 1) atangoja sekunde 48 zimalizike, huku bando lake likiliwa, na hata bei ya stuli hajaiona. Picha hizohizo ukizipunguza upana na kuzihifadhi kwa WebP, muundo wa faili za picha nyepesi, zinaweza kushuka hadi KB 150 kila moja bila jicho la kawaida kugundua. Jumla inakuwa KB 900, na kwa mtandao uleule ni kama sekunde 2. Kazi hiyo hufanywa bure kwenye kivinjari kwa programu kama Squoosh. Google yenyewe hupima kasi ya kurasa, na inataka kile kitu kikubwa zaidi cha juu ya ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5.

Picha zenyewe piga wewe, usikope. Toa kitanda nje asubuhi kabla jua halijawa kali, ondoa ndoo na nyaya zilizo nyuma. Piga kizima, kisha sogea karibu: maungio ya mbao, droo ikiwa wazi, kitambaa cha kochi kwenye kona. Piga na mgongo wa kabati, maana mteja mjanja hapo ndipo anapotazama kwanza ajue umeweka mbao au umemalizia na plaiwudi. Picha ya kukopa ina hatari moja kubwa: mteja ataleta simu karakanani, akuoneshe ile picha, aseme "nataka hiihii", na wewe hujawahi kuitengeneza.

Suala la bei ndilo tulilobishania zaidi. Wafanyabiashara wetu wameizoea "bei njoo inbox", na sababu zao nazifahamu: washindani wanachungulia, mbao zinapanda, wateja wengine wanapenda kupatana. Lakini mshindani wako wa Keko yuko hatua kumi kutoka kwako, bei yako anaijua. Asiyeijua ni mteja. Neno "kuanzia" limewekwa kwa ajili hiyohiyo. Linamwambia mtu kama mfuko wake unafika, na mlango wa kupatana unabaki wazi. Sema na kilichomo: bila godoro au pamoja na godoro, imepigwa vanishi au bado. Usafiri nao uutaje. Kama kirikuu hadi Kigamboni kina gharama ya ziada, andika, kwa sababu ugomvi wa getini kwa mteja, kitanda kikiwa bado juu ya gari, humalizika vibaya kwa wote wawili.

Halafu kuna hofu ya kutapeliwa, na hiyo hutulizwa kwa vitu vidogo. Mtu akitaka kutuma malipo ya awali kwa simu, kabla hajathibitisha huletewa jina la anayepokea. Kama tovuti inasema jina la biashara na simu inaleta jina la shemeji yako, hapo mkono unasita, na una haki ya kusita. Jina lililo juu ya ukurasa, lililosajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa kusajili biashara) na linalotokea kwenye Lipa Namba, namba yako ya kupokelea malipo ya simu, liwe moja. Weka picha ya karakana kwa mbele ikiwa na kibao chake, na maelekezo ya kufika kama tunavyoelekezana kila siku: ukishuka kituo gani, unavuka au huvuki, mkabala na nini. Alama ya kwenye ramani ya Google iwepo pia, ila wengi wakishafika karibu hupiga simu kuuliza "niko hapa kwenye mnara", kwa hiyo utaje na mnara.

Kuhusu lugha, andika kama wateja wako wanavyosema. Kama wanasema "kitanda cha sita kwa sita", "kochi la L", "dressing table", basi hayo ndiyo maneno, hata kama mimi mpenda Kiswahili sanifu yananikereketa. Mtu hutafuta kwenye Google kwa maneno yaliyo mdomoni mwake. Ukurasa pia una kichwa chake cha ndani, kile kinachotokea juu ya kivinjari na mara nyingi kwenye matokeo ya utafutaji. Cha fundi wetu kilikuwa "Home". Tuliamua kiwe "Vitanda na makochi ya mninga, Keko, Dar es Salaam". Kazi ya dakika moja, na karibu mwaka mzima hakuna aliyekuwa ameigusa.

Mambo ya usalama nitayapita haraka. Anwani ianze na https, yaani mawasiliano ya mteja na tovuti yawe yamefichwa wengine wasiyasome. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huipa tovuti isiyo nayo alama ya kutokuwa salama, na cheti chake kinapatikana bure kupitia Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivyo, kwa hiyo asikutoze mtu mamilioni. Na kama ukurasa una fomu inayokusanya majina na namba za watu, fahamu kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaanza kukuhusu. Ilianza kutumika Mei 2023 na ina Tume yake. Mimi ningeiondoa fomu kabisa. Kwa karakana ya mafundi watatu WhatsApp inatosha, na fomu zenyewe huishia kwenye barua pepe isiyofunguliwa.

Tulipofika mwisho nikamwomba nywila ya kuingilia, tubadilishe haya yote. Hakuwa nayo. Kijana aliyemtengenezea ndiye aliyekuwa nayo, na alikuwa amehamia Mwanza. Jina la tovuti lenyewe lilisajiliwa kwa barua pepe ya yule kijana, kwa nia njema tu, maana fundi hakuwa na barua pepe siku hiyo. Simu tatu na wiki mbili zilipita kabla hatujaipata. Hili linajirudia kwenye dawati letu kuliko kosa jingine lolote, kwa hiyo kabla hujalipa senti ya mwisho, hakikisha jina la tovuti limesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako, na nywila unazo wewe kwenye daftari.

Ada ya jina hilo hulipwa upya, mara nyingi kila mwaka, na isipolipwa tovuti huzimika hata kama ukurasa wa mbele ni mzuri namna gani. Yule fundi ameiandika tarehe yake kwa chokaa ukutani karakanani, chini ya tarehe ya kodi ya fremu.