Kikwata cha ua: mbegu hii haitaki maji ya moto

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wenye ploti Kitengela, Isinya na Athi River ni ua gani utazuia mbuzi na mwizi bila kumwagiliwa maji mwaka mzima. Jibu langu ni kikwata, kichaka chenye miiba cha jamii ya migunga. Wakamba hukiita muthiia, Wamaasai oiti na Wasomali bilil.

Kitaalamu ni Senegalia mellifera, ila vitabu vya zamani vinakiita Acacia mellifera. Jina Acacia sasa limebaki kwa jamaa zake wengi wa Australia, ukiwemo muwati tunaouona nyanda za juu, kufuatia uamuzi wa kongamano la wanabotania la Vienna mwaka 2005. Ukinunua mbegu, taja majina yote mawili, maana Senegalia senegal nayo huitwa kikwata. Hesabu miiba: mellifera ina miwili miwili iliyojikunja kama ndoana, senegal ina mitatu mitatu. Vijani vya mellifera, yaani vipande vidogo vinavyounda jani moja, pia ni vipana na vichache.

Miiba hiyo ndiyo nguvu ya ua. Ikikushika nguo usivute mbele. Rudi nyuma kidogo ndipo ikuachie. Kwa hiyo usikipande kando ya njia ya watoto wala karibu na mahali pa kuegesha gari.

Sasa kwenye mbegu, ambako wengi hukosea. Tumezoea kwamba mbegu za migunga humwagiwa maji ya moto ili ganda gumu lilainike. Ganda la mbegu ya kikwata ni jembamba. Maji ya moto yanaua kiini, halafu mwenye kitalu analaumu muuzaji. Ukitaka, loweka usiku mmoja kwenye maji baridi, basi. Chuma maganda yanayobeba mbegu yakigeuka rangi ya majani makavu, kabla upepo haujayapeperusha, kwa kuwa ni mepesi kama karatasi. Tupa kila mbegu yenye tundu: mdudu amekwisha kula ndani. Zilizobaki changanya na jivu, uzipande mapema.

Changanya udongo sehemu 3, mchanga 1 na samadi iliyooza vizuri 1. Weka mbegu 2 kwa kila mfuko, kina cha sentimita 1, kisha ung'oe mche ulio dhaifu. Inua mifuko kila wiki 3 au 4 ukate mizizi inayotokeza chini. Ukiiacha ishike ardhi, siku ya kuhamisha utaikata mizizi mikubwa kwa mpigo mmoja na mche utanyauka.

Miche ikifika sentimita 30, ipande mvua za Machi au za Oktoba zikishashika. Mimi hupendekeza mistari miwili, nusu mita kati ya mstari na mstari, nusu mita kati ya mche na mche, ikipishana. Udongo mweusi unaopasuka kiangazi haukisumbui kikwata kilichokomaa, lakini mche mdogo ukisimama kwenye maji huoza. Inua tuta kidogo. Mizizi husambaa kando karibu na juu ya ardhi, kwa hiyo sukuma wiki yako ikae mbali, angalau mita 5. Upande wa Karen na Limuru, penye baridi na mvua nyingi, baki na kayaba, ule mmea mwingine wa ua wenye miiba.

Kosa la pili kubwa ni kuuacha ua urefuke haraka. Mche ukifika kiunoni, ukate urudi hadi sentimita 40 ili uchipuze matawi ya chini. Usipofanya hivyo utapata majani juu na matundu chini, na mbuzi hupita chini. Vaa glavu za ngozi. Matawi uliyokata yapange kuziba mapengo hadi miche ikue, kwa sababu mbuzi hao hao wanapenda sana majani na maganda yake.

Baada ya hapo, kata ua maua yakishaanguka. Maua yake meupe yenye harufu nzuri mara nyingi hutangulia majani, wakati nyuki hawana kingine cha kula. Neno mellifera lenyewe lina maana ya kuzaa asali. Ukipitisha panga mapema umewanyima chakula. Kwenye kona za ploti acha vichaka vichache visikatwe kabisa, na mzinga uuweke upande huo, mbali na lango.