Asili ya neno "trivial" si darasa la sarufi
Wapo wengi, wakiwemo walimu, wanaoeleza kwamba kivumishi cha Kiingereza "trivial", ambacho hutaja jambo dogo lisilo na uzito, kilitokana na dharau dhidi ya "trivium", yaani masomo matatu ya awali katika vyuo vya Ulaya ya Zama za Kati: sarufi, mantiki na balagha (ufundi wa kusema kwa ufasaha).

Maelezo hayo yanavutia, lakini tarehe hazikubali. Katika Kilatini, "tri" ni tatu na "via" ni njia, hivyo "trivium" ni njia panda zinapokutana barabara tatu, na "trivialis" ni kitu cha njiani, cha kawaida, kinachopatikana popote. Quintilian, mwalimu wa balagha huko Roma katika karne ya 1, alikwisha kulitumia neno hilo kwa maarifa ya kiwango cha chini, karne nyingi kabla masomo yale matatu hayajapewa jina hilo. Ni kweli kwamba Waingereza wa karne ya 15 walilitumia kwa mambo ya masomo hayo, na nadhani hapo ndipo kosa lilipopata nguvu.

Wala si neno la dharau kila mahali. Mwanahisabati anayeshughulikia mlinganyo 2x + 3y = 0 huliita jibu la x = 0 na y = 0 "trivial" kwa sababu linaonekana bila kazi yoyote; kulitafsiri kuwa "la kipuuzi" ni kumsingizia, maana ni jibu sahihi kabisa, na "jibu la wazi" lingemtendea haki zaidi.